Barua ya Posa na Honi ya Mkuki

Nianze kwa kukiri kabisa, msije mkasema nimeficha: yule mtu aliyesimama katikati ya barabara mchana kweupe akimfokea baba mkwe wake mtarajiwa kwa sababu ya honi ya basi, ndiyo, ni mimi. Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao siku ile hawakuwepo, kila mmoja anaongeza chumvi yake (kuna mmoja kule sokoni Mlola anadai nilimpiga mzee kofi, Mungu amsamehe), kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, ila mniache nimalize.

Ilikuwa miaka ile kijiji chetu kimeshaandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, tuna shamba la pamoja, tuna duka la ushirika lenye viberiti na chumvi na mara nyingine sabuni, na tukitoka shambani sisi vijana tulikuwa na kituo kimoja tu, baraza ya Yohana fundi cherehani. Hapo kila mtu alileta ugonjwa wake. Yohana ugonjwa wake ulikuwa muziki wa dansi: alikuwa na redio ya betri aliyoishonea koti la kitambaa cha kaki, na bendi ikianza tu kupiga alikuwa anainua kidole na kukwambia huyu mpiga solo ni fulani, jana alikuwa na homa, sikiliza anavyovuta. Shabani, rafiki yangu tangu utotoni, ugonjwa wake ulikuwa mpira. Alikuwa na timu yake ya Dar es Salaam ambayo hakuwahi kuiona hata siku moja, maana hakuwahi kufika Dar es Salaam, lakini ikifungwa alikuwa anakataa chakula, na mama yake akawa anatuuliza sisi matokeo ili ajue kama apike.

Mimi ugonjwa wangu ulikuwa mabasi. Na si mabasi yote. Siku hizo yalikuwa mawili tu yaliyopanda kutoka Mombo hadi kwetu, Subira na Mkuki. Subira lilikuwa basi la kijivu, linapanda mlima kama linaomba ruhusa kila kona, linafika saa tano asubuhi kila siku ya Mungu, na ndani yake wamekaa walimu na wazee wenye miavuli. Mkuki lilikuwa la buluu lenye mstari mweupe, linapita saa nane mchana likiwa limeinama upande mmoja kwenye kona, na honi yake ilikuwa na sauti tatu, paa-pi-paaa, ikipigwa ng'ambo ya bonde mpaka mbuzi wananyanyua vichwa. Nilikuwa na daftari. (Ndiyo, daftari, chekeni.) Niliandika kila siku Mkuki limepita saa ngapi, dereva nani, lilikuwa na matairi gani, na lilipobadilishwa kioo cha mbele nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kujua.

Sasa wenzangu hawakuuheshimu ugonjwa wangu hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likinitia hasira kila jioni. Yohana alikuwa akisema, "Mgoshi (ndivyo wanaume tunavyoitana kwetu), muziki una sauti, mpira una magoli. Basi lina nini? Basi ni kitu cha kukupeleka Mombo, ukifika unashuka unalisahau." Mimi nikamwambia kwamba Shabani ana timu asiyowahi kuiona, Yohana ana wapiga gitaa asiowajua sura, mimi peke yangu kati yetu nimekishika kwa mikono ninachokipenda. Shabani akajibu, "Umeshika basi la walevi na kuku. Wewe mwenyewe wakwe zako wakija utawapakia humo?"

Hapo ndipo nilipoharibika, kwa swali hilo, maana kweli wakwe walikuwa wanakuja.

Nilikuwa nimemposa Mwanaidi, binti wa Mzee Hoza wa Bungu, tulikutana alipokuja kumuuguza dada yake aliyeolewa jirani yetu, na washenga walikuwa wameshakwenda na kurudi mara mbili. Mzee Hoza hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atakuja mwenyewe aione nyumba, awaone watu, ndipo atoe jibu. Mimi alikuwa hajaniona, wala mimi sikuwa nimemwona yeye, kwa desturi zetu mambo hayo yalikuwa mikononi mwa wazee, na kwa upande wetu mzee alikuwa Mjomba Saguti, kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki. Niseme wazi kwamba nilimpenda Mwanaidi kiasi kwamba hata daftari langu lilianza kuwa na mapengo.

Mjomba hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo barua ya kumkaribisha Mzee Hoza alinitajia kwa mdomo nami nikaiandika. Barua nzuri, ya heshima, salamu peke yake zilikula nusu ukurasa. Tulipofika mwisho Mjomba akasema, "Basi, weka jina langu," akatoka kwenda kuswali. Nikabaki na kalamu. Nikamkumbuka Shabani na kuku zake. Nikaongeza mstari mmoja, mmoja tu jamani, juu ya jina la Mjomba: kwamba mkifika Mombo msipande basi jingine lolote ila Mkuki, kwani hakuna linalolifikia kwa mwendo wala kwa honi.

Kisha nikaenda barazani nikatangaza kwamba wakwe zangu watashuka kutoka Mkuki, na mimi nitawaambia wamefika wapi kabla basi halijaonekana, kwa masikio tu, kama Yohana na gitaa zake. Wakanikubalia. Tukapeana mikono.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mwenyekiti wa kijiji aliwaruhusu watu watoke mapema shamba la pamoja (alimheshimu sana Mjomba), nyumba ilipakwa udongo mweupe, mama na shangazi zangu walikuwa jikoni tangu alfajiri. Mnaijua ile Kona ya Kinyonga, ng'ambo ya bonde? Kwetu wanawake hawakuwa na saa. Basi likipiga honi pale Kona ya Kinyonga ndipo mchele unatumbukizwa, na basi likiingia kijijini pilau imekauka vizuri, mgeni anakula ya moto. Mama aliniuliza, "Athumani, una hakika utaitambua hiyo honi?" Nusura nikasirike. Nikamwambia mama, mimi hata nikiwa nimelala.

Saa tano Subira likapita, karibu tupu. Nikalicheka. Shabani akalitazama likiondoka akasema kwa upole, "Mgoshi, wangekuwa wameshafika sasa hivi."

Saa nane ikafika. Kimya. Saa tisa, kimya. Nyama imeiva, imepoa, imepashwa moto tena. Wazee wamekaa ukumbini wamemaliza habari zote za mvua na sasa wanarudia zile za mwanzo. Mimi desturi ilinitaka nikae jikoni kwa Mjomba, nyuma kabisa, nisionekane mpaka niitwe, lakini mtu anawezaje kukaa jikoni wakati basi lake limechelewa saa nzima? Nilikuwa nachungulia kila mara, na shangazi ananivuta shati.

Kwenye saa kumi hivi, nikaisikia. Paa-pi-paaa! Kona ya Kinyonga! Nikaruka. Nikapiga kelele, "Mchele! Mama, tia mchele! Mkuki hilo, wamefika Kona ya Kinyonga!" Mama akatumbukiza mchele, shangazi zangu wakapiga vigelegele, Mwenyekiti akavaa kofia yake, kijiji kizima kikaelekea barabarani. Yohana akaacha cherehani akaja na bisibisi yake bado mkononi, akaniambia, "Nimekubali, una masikio." Maneno hayo yalinipumbaza kichwa. Nikasahau jikoni, nikasahau desturi. Nikajiambia naenda barabarani dakika moja tu, niione sura ya Shabani, halafu narudi kujificha.

Tukangoja. Muda wa pilau kukauka ukapita. Harufu ya ukoko ikaanza kutufikia hadi barabarani, na mama akatuma mtu kuuliza hilo basi linapanda au linashuka. Nami nikajibu kwa ukali kabisa kwamba gari zuri halikimbizwi.

Likatokea. Si basi. Lori la magogo, jekundu, lile bovu linalokwenda msituni kuchukua mbao, limebeba magunia ya unga wa yanga wa duka letu la ushirika (ule unga wa njano wa mwaka wa njaa, nadhani hamjausahau), na juu ya magunia wamekaa watu wanne watano wamekuwa njano kuanzia kofia hadi viatu. Na likiwa mbele ya macho yangu, lori hilo likapiga honi: paa-pi-paaa.

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa kama kumwona mtu asiyekuhusu amevaa kanzu ya marehemu baba yako. Nikaingia barabarani mikono juu, lori likafunga breki hatua mbili kutoka tumboni kwangu, nikamuuliza dereva honi hii ameitoa wapi. Dereva akacheka, akasema Mkuki limekufa gia jana jioni likishuka, liko Mombo juu ya mawe, na wakati linangoja kipuri mwenye basi amemwazima honi. "Ni honi tu, bwana," akasema. Honi tu!

Nikamnyang'anya Yohana bisibisi, nikapanda bampa, nikaanza kuifungua mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti ananiita, simsikii. Juu ya magunia mzee mmoja, njano tupu, macho tu ndiyo yanaonekana, akanyoosha mkono akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kijana, hebu nishike mkono nishuke, miguu imekufa ganzi."

Na mimi, mtoto wa watu niliyelelewa na mama anayekuchapa usipomwamkia hata muuza vyungu, sikusema shikamoo, sikutoa mkono. Nilisema hivi, na kijiji kizima kilisikia: "Subiri huko juu! Nani aliwaambia mpande lori? Watu kama nyie ndio mnaoua mabasi yetu! Mngekuwa na akili mngengoja basi!"

Mzee akanitazama. Akasema taratibu, "Tumengoja basi, mwanangu. Tumelingoja tangu saa tatu asubuhi, tunaambiwa kipuri kinakuja." Kisha akawageukia watu, akauliza, "Nyumbani kwa Saguti ni wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Bisibisi ikateleza, waya wa honi ukagusa chuma, na honi ikaanza kulia yenyewe. Haikunyamaza. Paaaaaaa, bila pumzi! Nikauvuta waya, ukazidi kukwama. Mjomba Saguti ndiyo kwanza anafika, ametanguliza mikono miwili ya kupokea wageni, na Mzee Hoza ameshushwa na Shabani (Shabani!) anapukuta unga, na wazee wawili wenye heshima zao wanasimama uso kwa uso wakisalimiana kwa salamu zile ndefu za wazee, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na hakuna hata mmoja anayesikia neno, midomo tu inacheza, huku mimi nimening'inia kwenye bampa juu ya vichwa vyao napambana na waya. Dereva alishuka akafungua betri. Honi ikakatika. Mjomba akaniuliza, "Na wewe unafanya nini hapa?"

Mzee Hoza akasema, "Ahaa. Ndiye huyu?"

Nikashuka kwenye bampa, nikarudi jikoni.

Ndani ya nyumba mambo yaliendelea kuharibika, ingawa mimi nilifikiri yamekwisha. Mjomba aliomba radhi, akauliza kwa nini hawakupanda Subira, basi zuri la watu wazima, lingewafikisha saa tano. Mzee Hoza akatoa barua mfukoni, nayo imekuwa njano, akasema, "Si wewe ulitukataza?" Mjomba akashangaa. Barua ikapewa Mwenyekiti aisome kwa sauti. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikasikia salamu zangu zote zikisomwa, nzuri kabisa, kisha ule mstari. Msipande basi jingine lolote. Kwa mwendo wala kwa honi.

"Kwa honi?" Mjomba akasema. "Mimi? Mimi nimesema kwa honi?" Kisha akahamia Kishambaa, na Mjomba akishahamia Kishambaa mtu mwenye akili anatafuta pa kupita, lakini nilikuwa nimezibwa na mama aliyeshika sufuria ya pilau, juu uji, chini mkaa.

Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikasema kila kitu, pamoja na daftari. Mzee Hoza alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kijana, mimi nafuga nyuki. Nawapenda nyuki wangu kuliko ninavyowapenda majirani zangu, mke wangu ni shahidi. Lakini sijawahi kumwelekeza mgeni njia ya mizingani. Leo mimi na ndugu zangu tumeliacha Subira likaondoka tunaliona, viti vitupu, tumekaa juani Mombo kwa sababu ya kupenda kwako. Sasa niambie, binti yangu akija kukaa hapa, naye atakuwa anakaa kungoja nini?"

Hata leo nikilifikiria swali lile naona aibu ileile, maana lilikuwa swali la haki. Walikula ule ukoko kwa adabu, wakalala, kesho yake wakashuka na Subira.

Miezi miwili hakuna neno. Barazani Yohana na Shabani waliacha kabisa kunitania, na hilo liliniumiza zaidi kuliko utani. Daftari nilimpa mama awashie moto. Kisha mshenga akaja na ujumbe mfupi: kijana aje mwenyewe achukue jibu lake, na aje kwa miguu. Kutoka kwetu mpaka Bungu! Mjomba alisema ni haki. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha.

Nikaondoka alfajiri. Kabla ya kufika Soni nikasikia nyuma yangu muungurumo ninaoujua. Mkuki! Limefufuka, limepakwa rangi upya, limefungwa honi nyingine. Dereva akasimama kando yangu akafungua mlango, "Athumani! Panda bwana, kiti cha mbele kiko wazi, nikushushe Soni." Hapakuwa na mtu wa Bungu barabarani. Hakuna ambaye angejua. Kiti cha mbele, jamani, kile karibu na gia, nilichokiota miaka minne! Nikamwambia, "Nendeni tu, ndugu yangu." Akadhani nimerukwa na akili. Nilisimama nikalitazama mpaka likapinda, na nikiri kwamba macho yalinilowa, halafu nikaendelea kutembea.

Nililala Soni msikitini, nikapanda kuelekea Bumbuli, na jioni ya siku ya pili nikaingia Bungu ndala mkononi kwa sababu zilikuwa zimekatika. Mzee Hoza alikuwa uani. Hakuuliza kama kweli nimetembea, aliitazama miguu yangu, akaitazama muda mrefu, akamwita binti yake alete beseni la maji ya moto na chumvi. Kisha akaingia ndani. Mwanaidi akaliweka beseni mbele yangu, akasimama mbali kidogo kama inavyopasa, akasema bila kuniangalia, "Baba alisema hutafika. Mimi nilimwambia utafika, ila utachelewa."

Hilo ndilo jibu nililopewa, na harusi ilifuata baada ya mavuno. Mpaka leo gari likipiga honi barabarani sinyanyui kichwa, hata liwe na sauti saba, kwa sababu najua kuna mtu jikoni ananitazama aone kama nitanyanyua. Na mgeni akiniuliza akifika Mombo apande gari gani, namwambia apande lolote litakalotangulia, hata likiwa la magogo, afike tu, tutampukuta unga hapahapa.